Kiapo cha Dakika ya Sabini na Mbili

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili, 7 Septemba

Baba Naima,

Unga uko kwenye ndoo ya bluu. Mchicha nimeshauchambua. Mimi nimekwenda Kolo kwa kaka Mudrick.

Jana nilisikia kabla hujafika nyumbani. Ritha wa dukani alikuja mbio, hata salamu hakunipa: "Mama Naima, umeachwa!" Nikamwuliza, nimeachwa na nani, na basi? Akasema na mumeo, kwenye banda la mpira la Sila, dakika ya sabini na mbili, watu arobaini wamesikia.

Miaka ishirini na tatu, Nurdini. Umeapa talaka kwa jina langu kwa sababu kipa amepewa mpira. Na ulipoingia ndani ulisemaje? Uliuliza kama chai ipo.

Usinipigie simu, nimeizima. Maneno yako ya mdomo nimeyaona yanavyotoka. Ukiwa na la kuniambia, liandike kwa mkono wako, weka saini, mpe kondakta wa basi la asubuhi. Kolo kila mtu anamjua kaka.

Batuli binti Iddi


Majengo, Dodoma
Alhamisi, 11 Septemba

Mama Naima wangu,

Asalam aleykum. Nakuandikia nimekalia gunia la mtama. Mteja alisimama hapa akauliza bei ya ulezi, nikamwambia subiri namwandikia mke wangu. Ameondoka. Mwandiko unisamehe, barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kukuposa, na hata ile niliandikiwa na mwalimu wa madrasa.

Kwanza nikueleze ilivyokuwa, maana Ritha hajui mpira. Sisi, timu ya Taifa, hatuna goli, wageni hawana goli. Winga wetu kaupata mpira pembeni, mbele yake yuko beki mmoja tu, tena kachoka, kainama ameshika magoti. Banda zima tumesimama. Kijana akalitazama goli. Akalitazama tena. Kisha akageuka, akampa kiungo, kiungo akampa beki, beki akampa kipa. Kutoka boksi la wageni mpaka kwa kipa wetu, Batuli! Safari ndefu hivyo, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza. Nilikuwa nahesabu, ilikuwa mara ya tisa. Damu ikanipanda. Nikasimama nikasema, wallahi wakirudisha tena kwa kipa, Batuli nimemwacha! Sijakaa vizuri, wakarudisha.

Sila mwenyewe akapunguza sauti ya televisheni. Mazengo akanishika bega: "Nurdini, ndugu yangu, hapo umejifunga."

Nilikwenda kwa Shehe Athuman nikamwambia sikunuia. Akasema neno la wazi halingoji nia. Talaka moja imepita, lakini eda ipo, kamwambie mkeo leo hii kwamba umemrejea, mambo yaishe. Nikaona mzee ana haraka. Nikavuka barabara kwa shehe mwingine, kijana, yeye akasema kile ni kiapo tu kama viapo vingine, kafara yake ni kulisha maskini kumi. Huyo nikampenda. Jana nimepika pilau. Maskini nilipata tisa. Wa kumi ni Mazengo, amekubali kuwa maskini kwa saa moja, na amekula kuliko wale tisa.

Basi shauri limekwisha. Rudi nyumbani, mke wangu. Mchicha ule niliuunguza.

Mumeo,
Nurdini


Kolo, Kondoa
Ijumaa, 19 Septemba

Baba Naima,

Wa aleykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja. Winga yumo, kiungo yumo, pilau imo. Neno halimo.

Kaka Mudrick naye kaisoma. Alicheka alipofika kwa Mazengo, kisha akavua miwani: "Huyu mtu anazunguka kutafuta shehe wa kumwambia anachokitaka." Kwetu hapa talaka imepita, na alichokwambia Shehe Athuman ndicho hichohicho. Kaka anasema hata kuja si lazima. Ukiandika "nimekurejea", nawe umenuia, linatosha. Eda ikiisha hujalisema wala kuliandika, mimi si mkeo.

Umelisha watu kumi ili usiniambie mimi neno moja.

Hapa tunabangua karanga, majirani wanakaa kusaidia, na hawaachi kuuliza: "Wifi, alikuacha kwa kosa gani?" Niwaambie kosa la kipa?

Liandike.

Batuli


Chang'ombe
Alhamisi, 2 Oktoba

Mama Naima,

Nianze na hali ya nyumba, ujue unachokirudia. Ugali wangu wa jana umekataa kutoka kwenye sufuria. Nimelipiga sufuria kama mtu anayefukuza ndege shambani, haukutoka. Jogoo wako ananitazama kama shemeji. Sokoni nimempimia mtu alizeti wakati ametaka uwele, naye kaichukua hivyohivyo, bila neno. Nadhani amesikia habari zangu. Na kwa Sila nimepata jina. Nikiingia tu wanapiga kelele: "Msogezeeni benchi Pasi ya Nyuma! Na leo asiape!"

Sasa hilo neno. Batuli, nisikilize vizuri. Siliandiki kwa sababu moja, wala si jeuri. Mtu humrejea aliyemwacha. Mimi sikukuacha. Nikiandika "nimekurejea" nitakuwa nimekiri kwa saini yangu kwamba katika miaka ishirini na tatu kulikuwa na siku moja ambayo sikukutaka. Siku hiyo haikuwapo. Mkono unakataa kuandika uongo huo.

Wala usiogope muda. Eda ni miezi mitatu, siku tisini, sawasawa na dakika za mpira. Nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani, tarehe tano Desemba. Leo tuko dakika ya ishirini na sita tu, mpira bado mbichi. Kaka yako atapoa, nitakuja, tutazungumza kiungwana.

Ijumaa ya tarehe kumi Taifa wanacheza tena. Kocha amesema safari hii watashambulia. Nami nimemwamini, si unanijua.

Nurdini wako


Kolo
Jumanne, 7 Oktoba

Baba Naima,

Unawalalamikia vijana kwamba wakifika kwenye boksi wanageuka. Chukua barua zako mwenyewe uzisome.

Kalenda yako ni ya ukutani, umepewa na duka la mbolea. Hesabu yangu haimo humo. Mimi naona haya kukuandikia zaidi ya hapo. Muulize Naima akija kutoka chuoni, ni mwanamke mzima, atakueleza.

Muulize upesi.

Batuli


Majengo
Alhamisi, 16 Oktoba

Batuli,

Wamefungwa moja bila. Dakika themanini na nane walikaa nyuma ya mpira wote kumi na mmoja, wanalinda sare kama mtu anayelinda shamba ambalo hajalipanda. Dakika ya themanini na tisa likaingia. Nililia. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, kofia usoni, kwenye benchi la Sila. Mazengo ananipigapiga mgongo: "Ni mpira tu, Nurdini." Nikamwambia si mpira.

Nina la kukiri. Jumapili nilipanda basi. Nilishuka Kolo saa sita mchana nikaishika njia ya kwa kaka yako, huku nalirudia lile neno moyoni, nimekurejea, nimekurejea, kama mtoto aliyetumwa chumvi anayeogopa kusahau. Mkono ulikataa, nikasema labda mdomo utakubali. Nikafika kwenye ua wa minyaa. Nikasikia kaka yako anacheka na wanaume barazani. Nikajua watanyamaza wote nikiingia, watanitazama, nami nitatakiwa kulisema mbele yao. Miguu ikageuka, Batuli. Sikuigeuza mimi. Saa tisa nilikuwa kwenye basi la kurudi na mfuko wa machungwa niliyokununulia. Niliyala yote, moja baada ya jingine, mpaka Dodoma, na sikusikia utamu wake.

Miaka yote nikiwazomea wale vijana nilidhani hawalioni goli. Kumbe mtu analiona. Liko wazi, kubwa, na ukubwa huo ndio unaomtisha.

Naima nilimwona Jumamosi, sikumwuliza ulichoniambia. Nimeona haya, ni binti yangu. Lakini bado tuna siku hamsini. Nipe hadi mwezi ujao nijikaze, nitakuja na kulisema, wallahi. Samahani, nimeapa tena.

Nurdini


Kolo
Ijumaa, 31 Oktoba

Nurdini,

Ulikuwa umevaa shati la bluu, na mfuko ulikuwa wa kijani.

Nilikuwa nyuma ya ua napepeta ulezi. Nilikuona tangu ulipovuka korongo. Nikaweka ungo chini, nikajifuta pumba usoni, nikafunga kilemba upya. Nikazihesabu hatua zako. Ulisimama zimebaki kama ishirini. Nikasema, anavuta pumzi tu, kilima kimemchosha, atakuja. Kisha nikaona mgongo wa shati.

Sikukuita. Nilitaka mara moja tu uje mwenyewe.

Eda ya mwanamke ambaye bado anaona siku zake haihesabiwi kwa kalenda. Ni twahara tatu, vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi, na ile niliyokuwa nayo siku ulipoapa inaingia kwenye hesabu. Haya nimeweka pembeni, maana sasa haina faida. Yangu imekwisha Jumanne. Siku hamsini na mbili, si tisini. Naima angekwambia.

Ulichoandika, kwamba hapakuwa na siku ambayo hukunitaka, nimekikunja nikakiweka ndani ya msahafu. Hujawahi kuniambia jambo zuri kuliko hilo. Lakini ulikaa unaulinda huo ukweli wako, na nyuma yake mimi nikawa napotea.

Sasa mimi si mkeo. Lile neno, hata ukilijaza ukuta mzima, halina kazi tena.

Batuli binti Iddi


Chang'ombe, Dodoma
Alhamisi, 6 Novemba

Kwa kaka Mudrick Iddi, Kolo

Shikamoo kaka. Asalam aleykum.

Batuli si mke wangu tena, sina ruhusa ya kumwandikia. Kwa hiyo nakuandikia wewe uliye walii wake wa ndoa.

Barua hii haina mpira.

Mimi Nurdini bin Salum, muuza nafaka wa Majengo, namposa dada yako Batuli. Nina nyumba ya vyumba vitatu, binti mmoja, na jogoo ambaye si wangu. Nina mdomo mbaya. Kabla hamjanijibu, wewe na wazee, mjue mtu huyu ni wa namna gani. Alikuwa na mke mwema akamwacha. Akapewa siku hamsini na mbili na neno moja, akashindwa kulisema. Nilimwacha. Nalikiri leo ambapo halinisaidii, kwa kuwa nililikataa siku ambazo lingenisaidia.

Barua inakuja kwa mkono wa mshenga, Bwana Sila, mwenye banda la mpira. Ameomba mwenyewe aje, anasema uchafu ulimwagika kwake. Ameifunga kwenye leso nyeupe inavyotakiwa.

Tangu Ijumaa nimekula mara mbili. Nyumba ina mwangwi, kaka, sikuwahi kujua.

Mkikataa sitauliza sababu.

Nurdini bin Salum


Kolo
Jumatano, 12 Novemba

Nurdini bin Salum,

Mshenga wako alifika, akanywa vikombe vinne vya chai, na amekutetea kuliko unavyojitetea mwenyewe. Kaka aliisoma barua mbele ya wazee. Hakuna aliyecheka. Kisha akaniita akaniuliza.

Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndilo jibu. Mimi si mwari. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hasemewi, ni lazima aseme kwa ulimi wake. Kaka ameniruhusu niandike mwenyewe, basi nasema.

Mahari ni haki yangu, naitaja mimi. Kaka anataka kiwepo kitu cha kushikika, kwa hiyo lete doti moja ya kanga, uichague wewe, usimtume Naima. Lakini kabla ya kanga kuna jambo. Uliniacha mbele ya watu arobaini. Nenda kwenye banda lilelile, watu walewale, siku Taifa wanacheza. Simama mbele ya televisheni uwaambie ulichomwandikia kaka. Isiwe wakati wa mapumziko watu wakinunua kahawa. Mpira uwe unachezwa.

Najua unachokipenda na najua unachokiogopa. Vyote viwili viko pale.

Ukishindwa sitakulaumu. Lakini barua yangu nyingine hutaiona.

Batuli binti Iddi


Majengo
Jumatano, 19 Novemba

Batuli binti Iddi,

Nimesimama.

Mechi ilikuwa jana saa kumi jioni. Nilipanga nisimame dakika ya kumi. Ikapita. Nikasema ya ishirini, ikapita, miguu ileile ya Kolo. Mapumziko nilitoka nje nikanawa uso nyuma ya banda, nikarudi. Taifa walikuwa kama kawaida yao, kushoto, kulia, nyuma. Wageni moja, sisi bila. Mazengo akaninong'oneza: "Unangoja nini wewe, dakika za nyongeza?" Nikatazama juu kwenye kona ya kioo. Sabini na mbili.

Nikapita katikati ya magoti ya watu. Nikaipa televisheni mgongo, nikageukia benchi.

"We mzee, unatuziba!"

"Pasi ya Nyuma, kaa chini!"

"Anataka kuapa huyo! Leo zamu ya nani, mama mkwe?"

Sila akasema, "Mwacheni." Sauti ya mpira hakuipunguza, nilimkataza. Nikasema. Nilisema kwamba niliapa pale kwa jina la mke ambaye hakuwa amenikosea chochote, nikamwacha kwa mdomo wa kijinga. Nikasema nilipewa nafasi ya kumrejea nikaikimbia, na siku zote hizo nilikuwa nawatukana vijana wa watu kwa woga ambao ni wangu. Nikasema jina la Batuli binti Iddi lilitajwa hapa bila heshima, leo nalitaja nimesimama.

Nilipofika mwisho, banda zima likaruka. Benchi likapinduka, Mazengo akanikumbatia akanimwagia kahawa yote kifuani. Kwa muda kidogo, Mungu anisamehe, nilidhani wananishangilia mimi.

Ni goli. Letu. Wanasema pasi kumi na moja bila mgeni yeyote kuugusa mpira, sijui nani alimpa nani, kila mmoja anasimulia lake. Marudio yalipotaka kuonyeshwa, umeme ukakatika. Miaka yote nimekaa kwenye benchi lile nalingoja goli la namna hiyo, na siku lilipokuja nilikuwa nimelipa mgongo. Sikuliona, Batuli. Na jambo la ajabu ni kwamba nilirudi nyumbani kwa miguu, nikalala.

Kanga nimeinunua. Ni ya rangi ya hudhurungi, muuzaji alinionyesha thelathini kabla yake. Sina la kuongeza, na sijui kama nina haki ya kungoja. Nangoja.

Nurdini bin Salum


Kolo
Jumamosi, 22 Novemba

Nurdini,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, ilitosha.

Mechi tuliiangalia kwa kaka, yeye akiwa na tasbihi mkononi. Goli nililiona. Unajua lilipoanzia? Winga alifika kwenye boksi, akatazama, akageuka. Akampa kiungo, kiungo akampa beki, beki akampa kipa. Kaka akapiga kelele, "Haya, rudisheni tena!" Mimi nikasema kimoyomoyo, ni bahati kama Nurdini ameipa televisheni mgongo, la sivyo angeapa. Kisha kipa akanyanyua kichwa. Kutoka kwake ndipo nilipoanza kuhesabu, na ni kweli, kumi na moja.

Zilizobaki nitakusimulia.

Njoo Ijumaa baada ya swala, wewe na Sila na hiyo kanga. Barazani kutakuwa na wanaume, na watanyamaza ukiingia. Kutoka kwenye ua wa minyaa ni hatua ishirini, nimezipima.

Nitakuwa mlangoni.

Batuli